Mufalme Hawezi Kutia Mukono Peke Yake



Watu wakisikia pasta amefika Ulaya, wanauliza kwanza juu ya baridi, kisha juu ya treni zinazopita chini ya udongo. Hayo yote niliyaona. Lakini leo ninataka kuwasimulia nyumba moja tu: bunge la Ubelgiji, katika muji wa Bruxelles. Inchi ile iko na mufalme, lakini mufalme yule anatawala chini ya sheria. Na sisi watu wa Congo tuko na sababu kubwa ya kuijua nyumba ile, maana mambo mengi ya babu zetu yalikatwa mule ndani, nao hawakuwamo.

Mbele ya yote niungame neno moja. Nilitoka nyumbani na hasira. Katika paruasi yetu wazee walitaka kila karatasi ya kutoa feza ya kanisa itiwe mukono na watu watatu: pasta, mutunza feza, na muzee mumoja. Mimi nilikasirika. Niliwaambia, “Munanihesabu mwizi?” Mama mutunza feza, ambaye ni mukubwa wangu kwa miaka, akajibu polepole: “Pasta wetu, hatusemi wewe ni mwizi. Tunasema wewe ni mutu.” Neno lile lilinichoma. Nilipanda ndeke nalo ndani ya roho. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka 2023.

Nyumba mbili zinazotazamana

Kule Bruxelles nilipokelewa na shemasi mumoja wa kanisa la wandugu wetu. Ni mutu wa Likasi, ameishi kule miaka mingi, na kwa sababu ni mukubwa wangu nilimuita Yaya. Siku ya ine akaniambia: “Mudogo, leo tuende bunge. Kuingia ni bure. Mutu anaonyesha tu kitambulisho, wanaangalia saki, anapanda juu kusikiliza.”

Tulipita katika bustani kubwa yenye miti mirefu. Upande mumoja wa bustani kuna jumba la mufalme. Upande wa pili, kuelekeana nalo kabisa, kuna nyumba ya bunge. Wanaiita Palais de la Nation. Ilijengwa tangu 1778 mpaka 1783, wakati inchi ile ilikuwa chini ya utawala wa Austria. Mutu akitembea bila haraka anatoka kwa mufalme na kufika kwa bunge mbele viatu havijapata vumbi. Yaya akacheka: “Beko natazamana kila siku. Hakuna mwenye kusema, sikuona mwenzangu anafanya nini.”

Niliuliza, “Na ni nani aliyekuwa wa kwanza, mufalme ao bunge?” Jibu lilinishangaza. Wabelgiji walijitenga na Uholanzi mwaka 1830. Wajumbe wao walikusanyika wakaandika katiba, wakaimaliza mwezi wa pili 1831. Kisha tu wakapata mufalme. Walichagua Leopold wa Kwanza, mutu wa ukoo wa Ujeremani, tena Muprotestanti wa Kilutheri katika inchi ya Wakatoliki wengi. Tarehe 21 mwezi wa saba 1831 aliapa kushika katiba ile, na mpaka sasa siku hiyo ni sikukuu ya taifa. Kwa hiyo sheria ilizaliwa mbele ya mufalme. Yeye aliikuta mezani, kama vile pasta mugeni anavyokuta kanuni za paruasi tayari zimeandikwa.

Na ni vile hata sasa. Mufalme akikufa ao akiacha kiti, mutoto wake hawi mufalme palepale. Shurti kwanza asimame mbele ya nyumba mbili za bunge pamoja na kuapa. Philippe, ambaye alipokea kiti kwa baba yake Albert wa Pili, aliapa hivi tarehe 21 mwezi wa saba 2013, kwa luga tatu za inchi: Kiholanzi, Kifaransa na Kijeremani. Mbele ya kiapo, ministre wote pamoja wanashika kazi ya mufalme.

Ndani ya chumba cha viti vya kijani

Bunge liko na nyumba mbili. Nyumba ya Wadepite iko na watu 150 waliochaguliwa na raia, na rangi yake ni kijani. Seneti rangi yake ni nyekundu, na tangu 2014 iko na watu 60, wengi wao wakitumwa na mabunge ya majimbo. Sisi tulipanda juu kwa Wadepite. Mugeni anakaa kimya. Hapigi makofi, hasemi amina, hata kama neno limemupendeza. Kwa mutu wa kanisa letu hilo ni azabu.

Viti vimepangwa kama nusu ya duara. Wengine wanasema Kiholanzi, wengine Kifaransa, na watafsiri wanageuza maneno palepale. Asiyesikia luga ya mwenzake anaweka kifaa kwa sikio. Siku ya ine kisha mangaribi kuanza ni saa ya maulizo. Depite anasimama, anauliza ministre, ministre anasimama, anajibu. Kisha depite anasimama tena kusema kama jibu limemutosha. Nilimuona mama mumoja kijana, labda umri wa mutoto wangu wa kwanza angekuwa na miaka kumi zaidi, anamuuliza ministre mwenye mvi. Ministre alizunguka katika jibu lake kama mutu anayetafuta mulango gizani. Lakini alisimama. Alijibu. Hakusema, “Wewe mutoto, unajua mimi ni nani?”

Nikamuuliza Yaya chini-chini, “Na mufalme yuko wapi?” Akasema, “Hayuko. Kazi yake haiko humu.” Alipotoka inje akanieleza vizuri, na hapo ndipo neno la mama mutunza feza lilianza kunifuata.

Katika katiba ya Ubelgiji, mufalme hahukumiwi kwa kazi ya serkali. Lakini hakuna karatasi yake hata moja yenye nguvu kama ministre hakutia mukono pembeni. Na ministre aliyetia mukono ndiye anayebeba muzigo. Yeye ndiye anayeitwa bungeni siku ya ine kuulizwa. Mufalme anabaki na heshima, lakini hawezi kufanya neno peke yake katika giza.

Kuna hadisi ya mwaka 1990 inayoonyesha ginsi jambo hili linavyokuwa na uzito pande zote mbili. Bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu kutoa mimba katika hali fulani. Mufalme Baudouin, Mukatoliki mwenye kushika dini sana, alikataa kuitia mukono, kwa sababu zamiri yake ilimukataza. Lakini sheria isiyo na mukono wa mufalme haiwezi kuanza. Wafanye nini? Tarehe 4 mwezi wa ine ministre wote walitangaza kwamba kwa sasa mufalme hawezi kutawala. Wakatia mukono wao wenyewe kwa nafasi yake. Kesho yake nyumba mbili zikakutana na kumurudishia kazi yake. Tunaweza kubishana sana juu ya sheria yenyewe. Lakini angalieni: hawakumulazimisha mufalme kwenda kinyume cha zamiri yake, naye hakufunga njia ya waliochaguliwa na watu. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyekimbilia ngambo.

Musifikiri ninasifu bunge lile kama mbingu. Yaya aliniambia kwamba kisha uchaguzi wa 2010 vyama vyao vilishindwa kusikilizana, na inchi ilikaa siku 541 bila serkali mupya. Watu wenyewe walicheka aibu yao. Hata penye sheria nzuri, watu ni watu.

Farasi wa mukuba wetu

Tulipotoka tulirudi kwa njia ya bustani, tukazunguka jumba la mufalme. Pembeni yake, kwenye njia kubwa, kuna sanamu ya mutu mwenye ndevu ndefu juu ya farasi. Nilimujua mbele sijasoma jina. Ni Leopold wa Pili. Yaya akanionyesha maandishi. Yanasema kwamba shaba na bati ya sanamu ile vimetoka Congo, na kwamba Union Minière du Haut-Katanga ilivitoa bure.

Tulisimama pale muda murefu. Yaya akasema kwa luga ya nyumbani: “Unaona, mudogo? Ile mukuba ni yetu. Mpaka leo anaikalia.”

Baba yangu alifanya kazi ya mukuba. Alikuwa anarudi jioni na nguo zenye rangi ya udongo wa kariere. Kusoma neno “bure” mahali pale, wandugu, si jambo la kupita haraka. Nikajiuliza: kama mufalme wa inchi hii hawezi kutia mukono peke yake, ilikuwa namna gani yule mumoja akafanya na babu zetu kama alivyotaka?

Jibu liko katika historia ya bunge lilelile. Katiba ilisema mufalme hawezi kuwa mukubwa wa inchi ingine bila ruhusa ya nyumba mbili. Mwezi wa ine 1885 Leopold wa Pili aliomba ruhusa ile, nao wakamupa. Walisema hilo litakuwa jambo lake mwenyewe, si jambo la Ubelgiji. Mwaka 1890 wakamukopesha hata feza, milioni 25 za franka. Basi mutu mumoja akawa na sheria mbili. Bruxelles, alikuwa mufalme mwenye kuangaliwa. Congo, ambako hakuweka muguu hata siku moja, hakukuwa katiba, hakukuwa bunge, hakukuwa ministre wa kuitwa kujibu maulizo. Alitia mukono peke yake. Matunda yake tunayajua: kaucho ya lazima, viboko, wanawake kufungwa ili waume waende pori, mikono iliyokatwa, vijiji vilivyobaki bila watu.

Walioanza kusema walikuwa, pamoja na wengine, wamisionari Waprotestanti. Kule Luebo, Kasai, walikuwako William Sheppard, Mumarekani mweusi, na mwenzake William Morrison. Mwezi wa kwanza 1908 Sheppard aliandika katika gazeti dogo la misioni juu ya taabu ya Wakuba chini ya kampuni ya kaucho. Ndiyo, gazeti dogo la kanisa, kama hili munaloshika. Kampuni ikawashitaki. Mwaka 1909 kesi ilihukumiwa Léopoldville, na aliyevuka bahari kumutetea Sheppard bila kudai mushahara alikuwa Emile Vandervelde, depite wa bunge la Ubelgiji, musosialisti, mutu asiyeshika dini. Katika bunge alikuwa tayari amesema kwa nguvu kinyume cha utawala wa Leopold. Sheppard alishinda kesi. Mungu anatumia mudomo anaoutaka.

Mwaka 1908 bunge lilipiga kura kumuondolea mufalme Congo yake, Wadepite mwezi wa munane, Seneti mwezi wa kenda. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja inchi yetu ikawa mali ya dola la Ubelgiji. Lakini sikieni na haya. Mufalme aliahidiwa milioni 50 za franka kwa shukrani ya kazi yake, na feza ile ilipaswa kutoka Congo. Mwaka uleule alichoma barua na vitabu vya hesabu vya utawala wake kwa siku nyingi. Na mikataba mikubwa ya udongo wetu ilikuwa imekwisha kukatwa: Union Minière ilizaliwa mwezi wa kumi 1906, miaka miwili mbele bunge halijashika inchi.

Tangu pale ministre wa makoloni alitia mukono pembeni ya mufalme, na bunge liliangalia hesabu ya koloni kila mwaka. Ilikuwa hatua. Lakini ni nani katika wale wadepite alichaguliwa na mutu wa Kambove ao wa Kipushi? Hata mumoja. Mwaka 1910 Bourse du Travail du Katanga ilianza kukusanya watu kwa kazi ya migodi, na wazee wetu hawakuwa na kiti cha kukaa na kuuliza. Kura ya kwanza ya watu wetu ilikuwa ya miji tu, mwisho wa 1957: Léopoldville, Élisabethville, na Jadotville, ndiyo Likasi ya Yaya.

Jina moja, nyumba mbili

Jioni tulikwenda kula Matonge, mutaa wa Wakongomani kule Bruxelles, wenye harufu ya samaki na pilipili. Karibu nao kuna mahali palipoitwa jina la Patrice Lumumba tangu tarehe 30 mwezi wa sita 2018. Mutu anaweza kwenda kwa miguu toka farasi wa Leopold mpaka pale kwa dakika chache.

Huko mezani Yaya alinikumbusha kwamba Kinshasa pia kuna nyumba inayoitwa Palais de la Nation. Ni mule Baudouin alitangaza uhuru wetu tarehe 30 mwezi wa sita 1960, na ni mule Lumumba alisimama na kusema mambo ya mateso mbele ya mufalme mwenyewe. Katiba yetu ya kwanza, Loi fondamentale ya mwezi wa tano 1960, ilikuwa imepitishwa na bunge la Bruxelles. Walitupa umbo la nyumba. Zoezi la kuishi ndani yake hawakutupa, na sisi wenyewe tulichelewa kulitafuta.

Bunge lile limeanza kujiuliza juu ya mambo yake ya zamani, kwa kusitasita. Komisioni yake ilichunguza kifo cha Lumumba, na mwaka 2002 serkali ya Ubelgiji iliomba rehema. Mwaka 2019 ministre wa kwanza aliomba rehema, ndani ya Nyumba ya Wadepite, kwa watoto machotara waliotengwa na mama zao. Mwaka 2020 waliweka komisioni ya kuchunguza ukoloni wote. Ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili, wadepite wake walifika hata kwetu, lakini mwisho wa 2022 walivunjika bila kukubaliana juu ya neno la kuomba rehema. Mufalme Philippe aliandika majuto yake mwaka 2020 na kuyasema tena kwetu mwaka 2022. Kuomba rehema yenyewe hakukuwamo. Ndiyo, kutia mukono kwa watu wengi kunaweza pia kuchelewesha neno jema. Sifichi.

Na sisi je?

Vijana, ninajua mutasema: mambo ya wafalme yanatuhusu nini? Sikilizeni. Sheria yetu ya migodi iliyogeuzwa mwaka 2018 inagawanya redevansi ya migodi hivi: 50 kwa 100 kwa serkali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta ao sheferi penye mugodi, na 10 kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja. Ile 15 iko karibu na nyumba zenu. Ni nani anayetia mukono ili itoke? Ni nani anayetia mukono pembeni? Karatasi inasomwa wapi? Kuuliza vile kwa heshima si uasi. Kule nilikuwa, ni kazi ya siku ya ine.

Lakini kidole kinachoonyesha wakubwa kinaacha vitatu vinavyotuonyesha sisi. Katika Torati, sura ya 17 ya Kumbukumbu, mufalme wa Israeli anaagizwa kujiandikia kitabu cha sheria na kukisoma siku zote, ili moyo wake usijiinue juu ya wandugu zake. Nilikuwa nimehubiri sura hiyo mara nyingi juu ya watawala. Juu ya pasta sijaihubiri hata mara moja.

Nilirudi nyumbani. Siku ya posho ya kwanza komite ilikutana, nikaomba buku la matumizi. Nilikuwa nimenunua saruji na misumari kwa ukuta wa kanisa, nikaandika hesabu, nikatia mukono kwa nafasi ya kwanza. Nikamupa mama mutunza feza. Hakusema neno. Alivaa miwani yake, akasoma buku, akasoma karatasi ya duka, akarudia buku.

“Pasta,” akasema, “hapa umeandika franka 45 000. Karatasi inasema 42 000.”

Wazee wote walinitazama. Nilihesabu mara mbili. Alikuwa na haki. Nilikosea wakati wa kuandika. Kama singekuwa na mukono wa pili, kosa lile lingelala mule, na siku moja mutu angeliita wizi, nami singekuwa na la kujibu.

Nilifuta, nikaandika 42 000. Mama akatia mukono, kisha muzee mumoja. Tukafunga buku, tukaomba, kila mutu akaenda kwake.